Jua Ndani ya Friji

Siku tuliyowasha jua ndani ya friji tulikuwepo watu watano na mbuzi mmoja. Nilikuwepo mimi, Mwende, mpiga picha. Alikuwepo mdogo wangu Mutua, mwalimu wa kemia, aliyekuja na dawa. Alikuwepo Noor, fundi wa umeme wa mtaa wetu hapa Garissa. Alikuwepo Dekow, mwenye bucha ya jirani, aliyekuja kulinda taa zake. Na kwenye kiti cha wateja, mkoba wa safari ukiwa miguuni, alikuwepo Ayeyo Habiba, mwenye kazi yenyewe, ambaye basi lake la kwenda Elwak lilikuwa linaondoka alasiri ile ile. Mbuzi alikuwa wa Dekow. Namtaja kwa sababu alikuwa na kesi ya nyuma.

Nawataja wote ili msije mkaisikia habari hii kwa mwingine. Noor huisimulia kana kwamba yeye hakupiga kelele. Dekow huisimulia kana kwamba taa zake zilikuwa nne, nami nilizihesabu, zilikuwa tatu.

Nyinyi vijana mnaonijia nyumbani na simu zenu kuniuliza picha za buluu hutengenezwaje, nitawaeleza. Lakini siwezi kuanza na friji. Lazima nianze na kofia.

Nilikuwa na miaka kumi na minne, darasa la saba, mama alipofariki, na baba akamfuata kabla mwaka haujaisha. Tulibaki wanne: mimi, Mutua, na mapacha wawili wa kike. Ndugu za baba walikuja kutoka Mwingi kutugawa, huyu aende huku, hawa waende kule. Nikawaambia sisi si mahindi, hatugawanywi kwa debe. Wakaniuliza tutakula nini. Nikarudia lile la mahindi. Jumatatu iliyofuata sikwenda shule. Nilikwenda kufagia studio ya Abti Shuriye.

Abti kwa Kisomali ni mjomba, na yeye alikuwa mjomba wa soko zima. Alitupa pa kulala nyuma ya pazia la kupigia picha, lile lililochorwa mlima wenye theluji na ziwa lenye mabata. Mapacha walikua wakiamini kwamba kila nyumba ina theluji upande mmoja.

Sasa, Abti, kama watu wengi wa hapa, ulimi wake haukuwa na v. Kila v ilikuwa f. Kwa hiyo kuvua na kufua kwake lilikuwa neno moja. Wiki yangu ya kwanza aliingia bwana mmoja wa ofisi, amevaa kofia ya kazi yenye beji, anataka picha ya pasipoti. Kofia haitakiwi kwenye picha ya pasi. Abti alikuwa amejifunika kichwa kwa kitambaa cheusi nyuma ya kamera, na sauti yake ikatoka humo ndani: "Mwende, fua kofia ya bwana mkubwa."

Nikaitoa kofia kichwani mwake kwa heshima, nikaenda nayo uani, nikaifua. Kwa sabuni ya kipande na brashi ya viatu. Hata beji niliisugua.

Bwana mkubwa alidhani ndiyo huduma ya studio. Alikaa akingoja, na kwa jua letu kofia ilikauka kabla chai yake haijapoa. Mwezi uliofuata alirudi na kofia nyingine mbili, wala hakutaka picha.

Abti hakunifukuza. Aliniambia, "Wewe mtoto, ukifanya kazi na mimi, sikiliza mkono, usisikilize mdomo." Mkono ukipanda juu, hiyo ni kuvua. Mkono ukisugua hewa, hiyo ni kufua. Tangu siku hiyo nikawa mkalimani wa herufi mbili, na kwa miaka zaidi ya arobaini sikukosea hata mara moja. Likumbukeni hilo. Nitalihitaji mbele.

Mtauliza tulikula nini. Ujira wa kufagia ulinunua unga. Maziwa alileta Habiba. Alikuwa akiuza maziwa ya ngamia sokoni, mama mrefu mwenye hatua ndefu, na kila asubuhi, kabla hajamfungulia mteja wa kwanza dumu, alisimama mlangoni mwa studio akatujazia kikombe kikubwa cha bati. Kikombe kimoja, watoto wanne. Nikimwambia nitalipa, alisema, "Haye, utaliba ukikua," maana kwake, kama kwa wengi wa hapa, p ilikuwa b.

Nilipokua nikampelekea pesa. Akazitazama kana kwamba nimemletea mawe. "Mimi nilikuba besa? Mimi nilikuba maziwa." Na mimi ngamia sina, hata wa kuchora. Nikakaa na deni hilo miaka yote, kama kokoto ndani ya kiatu cha mtu anayechelewa kazini.

Abti alikufa, studio ikawa mikononi mwangu, Habiba akazeeka mpaka sote tukamwita Ayeyo, yaani nyanya. Halafu asubuhi moja akaingia na fremu tatu zilizofungwa ndani ya leso.

Zote tatu zilikuwa picha za marehemu mumewe, zilizotolewa kwa mashine za mjini, na zote tatu jua lilikuwa limezila. Ya kwanza ilibaki ndevu tu. Ya pili ilibaki kiti. Ya tatu ilikuwa karatasi ya waridi na msumari.

"Mwende," akasema, "bwana yangu amekufa mara moja kwa Mungu na mara tatu kwa studio. Mimi naenda Elwak kukaa kwa kijana yangu. Hili jicho moja limefunga, hili lingine nalo linafunga. Nataka bicha haikimbii. Tena kubwa."

Nikamwonyesha kwenye simu. Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali, akasema anaona kidole gumba chake mwenyewe na hakukihitaji.

Hilo ndilo ombi pekee aliloniomba tangu siku ya kikombe cha kwanza. Alitupa wiki mbili.

Filamu nilikuwa nayo. Abti alimpiga picha mume wa Ayeyo enzi zile kwa kamera ya sanduku, filamu pana kama kiganja, na niliihifadhi kwenye kopo la biskuti. Ameketi mbele ya theluji yetu, fimbo magotini, kofia imeegemea sikio. Nikampigia Mutua simu.

"Dada," akasema, "unakumbuka zile ramani za zamani za majengo, za buluu? Ile buluu ni chuma. Chuma hakikimbii."

Alikuja na dawa mbili za unga alizozinunua Nairobi, zinazotosha karatasi sita. Sikilizeni sasa, maana hii ndiyo kazi. Dawa zote mbili unaziyeyusha kila moja na maji yake, kisha unazichanganya sawa kwa sawa, chini ya balbu dhaifu ya njano. Unapaka karatasi nene kwa brashi, unaikausha gizani. Itakuwa na rangi ya ganda la ndimu bichi. Juu yake unaweka plastiki angavu yenye picha iliyogeuzwa, nyeusi kwa nyeupe. Yetu tuliitoa kwenye ile filamu, tukaikuza kwa watu wa saiba, wenye kompyuta na mashine za kuchapa. Juu ya plastiki, kioo. Kisha jua. Penye mwanga panashika, penye kivuli hapashiki. Halafu unaifua kwa maji mpaka njano yote itoke, buluu ibaki. Usitie sabuni. Na maji ya visima vyetu yana magadi yanayokula buluu, kwa hiyo kamulia ndimu kwanza. Hilo la ndimu hamtalisoma popote, nimewapa.

"Na ikichoka kwa jua," Mutua akamwambia Ayeyo, "ifungie sandukuni siku chache. Buluu inarudi."

"Kama mwanaume ameenda machungani," Ayeyo akasema, akaridhika.

Garissa jua si la kutafuta. Tulidhani tutamaliza kabla ya chakula cha mchana. Karatasi ya kwanza tuliiweka nje saa sita. Plastiki ikajikunja kwa joto chini ya kioo, na bwana akatoka na pua mbili. Ya pili tuliiweka kesho yake saa nne, jua likiwa bado na adabu. Tukaingia ndani kunywa chai. Nyuma yetu mmoja wa wale korongo wakubwa wa jalalani akatua ukutani, akasimama kivuli chake kikiangukia kioo muda wote. Karatasi ya pili ilitoa korongo mzuri sana. Bwana hakuwepo. Ya tatu haikufika hata juani. Niliiweka dirishani dakika moja nikifuta kioo, mbuzi wa Dekow akaila. Dekow alimchunguza siku mbili, akitaka kujua kama nyama itakuwa ya buluu. Mbuzi akanenepa tu.

"Tatizo letu," nikasema, "jua ni jingi mno na halina ukuta. Tunataka jua la kiasi, la ndani."

Noor alikuwa akibadilisha soketi yangu. Akashuka kwenye ngazi ili acheke vizuri. "Dada Mwende, wewe nataka kutengeneza jua Garissa? Si ni kama kubeleka ngamia Hulugho, kwenye ngamia imejaa?"

Maneno hayo yalifika stendi kabla ya magharibi. Watu ambao sijawahi kuwapiga picha walinisimamisha barabarani kuniuliza kama nitatengeneza na vumbi pia.

Lakini mimi ukinicheka ndipo nakazana. Tulianza na taa ndogo ya kukaushia rangi ya kucha, tuliyoazima kwa msichana wa saluni. Inatoa ule mwanga wa zambarau unaotakiwa, ila mlango wake unatosha vidole vitano. Karatasi ya nne ilitoa ndevu peke yake. Ndevu safi, lakini ndevu Ayeyo alikuwa nazo tayari kwenye fremu.

Mtu mmoja akatushauri tutafute taa za kuulia vijidudu. Mutua akakataa papo hapo, na nyinyi mkatae: hizo zinaunguza macho na ngozi hata usiposikia joto. Tulichohitaji kilikuwa kinaning'inia kwenye bucha ya Dekow: taa za zambarau za kuvutia nzi. Tatu, kila moja na mirija miwili. Dekow alitukopesha kwa sharti kwamba yeye mwenyewe awepo kila zinapowashwa.

Sanduku tulilipata bure. Lilikuwa friji la duka la soda lililofungwa, mashine yake imekufa kitambo. Tulililaza chali. La kwanza kabisa tuliling'oa kufuli, maana friji lenye kufuli hula watoto. Ndani tukalitandika karatasi ya fedha ya wachoma kuku, ili mwanga urukeruke. Noor alifunga mirija sita upande wa ndani wa mlango, ikitazama chini, shibiri moja juu ya kioo. Zile choki, vyuma vizito vinavyolisha mirija umeme, alizipanga juu ya mlango kwa nje. "Hizi nataka hewa," akasema. Akaweka na feni ndogo ya kompyuta, na swichi ya kukata umeme kukiwa na hitilafu. Swichi hiyo ndiyo sababu mnanisikia leo.

Kila mpita njia aliyeona friji mlangoni alisimama. "Iko baridi?"

"Hapana. Iko jua."

Wengine walicheka. Mmoja aliagiza mawili.

Karatasi ya tano tuliiweka dakika ishirini. Lakini mpira wa mlango ulikuwa umechoka, mwanga ukavuja pembeni, na nzi wote wa bucha wakaiacha nyama wakaja kwetu. Wakapenya, wakatembea juu ya kioo kwa raha zao. Bwana akatoka na madoadoa kama chui.

"Hiyo ni nzi yangu," Dekow akasema kwa fahari. "Taa inafanya kazi."

Ikabaki karatasi moja, na Ayeyo ameshakata tiketi.

Basi, siku yenyewe. Asubuhi ile nilikuwa na furaha ya kijinga. Noor aliingia akasema, "Leo nimefaa soksi nene, kwa sababu ya umeme." Nikamwuliza, "Soksi zimekufaa au umezivaa?" Akajibu, "Yote mbili," na wote wakacheka isipokuwa mimi, maana jibu lake lilikuwa bora kuliko utani wangu.

Nikaweka karatasi, plastiki, kioo, vibanio vya nguo pande zote. Tukafunga mlango. Na kwa ajili ya nzi nikaleta blanketi zito, nikalifunika friji lote, choki na feni pamoja.

"Dada, choki nataka hewa," Noor akasema.

"Dakika ishirini tu," nikasema. Ninyi mkisikia fundi anasema kitu mara mbili, nyamazeni. Mimi nilikuwa dada mkubwa tangu nizaliwe, sikuwa na mazoea ya kunyamaza.

Mutua akashika saa. Nikaandaa beseni la maji ya ndimu, nikasimama nalo mikononi kama mkunga. Ayeyo alikuwa akivuta tasbihi. Dekow alimshika mbuzi pembe. Dakika kumi na mbili. Noor akainua pua. Blanketi likaanza kufuka moshi pale kwenye choki.

"Mwende!" akapiga ukelele. "Fua blanketi! Fua! Fua!"

Miaka zaidi ya arobaini. Maelfu ya wateja. Hata usingizini ningeweza kukwambia kwamba Noor akisema fua blanketi anataka livuliwe. Lakini beseni lilikuwa mikononi mwangu, moshi ulikuwa machoni, na aliyesikia neno lile hakuwa mimi. Alikuwa yule mtoto wa darasa la saba mwenye kofia ya bwana mkubwa mkononi.

Nikalifua. Beseni zima.

Mlio ulikuwa mmoja tu, kama mtu aliyefunga mlango wa lori kwa hasira. Swichi ya Noor ikakata, fyuzi ya mtaa ikaifuata. Feni ikanyamaza, redio ya Dekow ikanyamaza, cherehani za mtaa mzima zikanyamaza. Kinyozi wa duka la nne alitoka nje na mteja aliyenyolewa nusu kichwa, wote wawili wakitaka kujua ni nani.

Noor alivuta blanketi, akalitupa chini. Akanitazama. Akainua mkono taratibu, juu, kama Abti. "Fua," akasema. Kisha akasugua hewa. "Siyo fua."

Nilimtazama Ayeyo, ambaye alikuwa amesimama.

Mutua alifungua mlango baada ya Noor kung'oa waya. Maji yalikuwa yameingia upande wa bawaba, yakapenya chini ya kioo kutoka ukingo wa juu wa picha, yakashuka mpaka puani mwa bwana, yakakomea hapo. "Palipolowa pameshafuliwa kabla ya kushika," Mutua akasema kwa sauti yake ya darasani. "Palipo pakavu bado panataka dakika nane."

"Umeme hakuna," Noor akasema.

Tukatazamana. Halafu wote tukatazama mlango, na nje ya mlango lilikuwepo, bure, jua tulilolikataa wiki nzima.

Nilibeba kioo na karatasi yake mpaka uani. Kwa jua la saa tano dakika tatu zinatosha, kabla plastiki haijajikunja. Noor alipunga blanketi bovu kuwafukuza korongo. Dekow alimkalia mbuzi. Mutua alihesabu kwa sauti, na kinyozi na mteja wake wakahesabu naye, wala hawakujua wanahesabu nini. Kisha tukakamua ndimu mpya, nikaifua picha kwa mikono yangu, polepole, kufua kwa kufua.

Buluu ikatoka. Wanangu, sijawahi kuona buluu kama ile. Mdomo, ndevu, mabega, mikono, fimbo, hata mabata wa Abti ziwani. Kuanzia pua kwenda juu, karatasi nyeupe. Hakuna macho. Hakuna kofia.

Ayeyo aliichukua ikiwa bado mbichi, akaisogeza kwenye jicho lake zima. Akapitisha kidole juu ya mdomo ule.

"Ni yeye," akasema. "Huu mdomo ndiyo ulinidanganya ana ngamia arobaini."

"Ayeyo, nisamehe."

"Alikuwa na kumi na moja." Kidole kikapanda, kikafika penye weupe. "Macho iko wabi?"

"Yamefuliwa, Ayeyo."

Dekow akafungua kinywa, Mutua akamkanyaga mguu.

"Mwende, mimi nilikuba kikombe nusu?"

"Hapana, Ayeyo. Kilijaa siku zote."

"Haye. Basi macho ni deni. Hili jicho langu litangoja, lakini usiliambie ngoja sana."

Tukamfungia picha katikati ya maboksi mawili, nikambebea mkoba hadi kwenye basi. Alikaa upande wa dirisha, boksi kifuani, akaniinulia mkono, juu kabisa. Hiyo ni kuvua, na sikujua anataka nivue nini. Nikavua kilemba changu, nikampungia nacho mpaka basi likapotea.

Dekow alichukua taa zake, mbili zikiwa zimekufa, na deni la hizo mbili nalipunguza kwa kumpiga picha bure kila Idi. Mwezi ule ule nilifunga studio, maana kila mtu sasa ana kamera kwenye simu. Sasa wanauza humo vifuniko vya simu. Friji liko uani kwangu, limekauka, kuku wanataga ndani. Mutua ameniletea dawa za karatasi nyingine mbili, na nimeziweka gizani, kwa kuwa safari hii sitaki kukosea. Noor anakuja Jumamosi kufunga choki na mirija mipya. Nimemwahidi sitasema kitu, nitasikiliza mkono.

Mwanawe Ayeyo alinipigia juzi. Anasema picha iko ukutani kwao, na ikichoka mama anaifungia sandukuni, buluu inarudi. Anasema sasa anaiona kwa vidole zaidi kuliko kwa jicho.

Kwa hiyo mkijua mtu wa kwenda Elwak wiki ijayo, mtu mpole asiye na mbuzi, mleteni kwangu. Nadaiwa macho mawili na kofia moja.